Sentimita Nne

Kambini,
4 Februari

Mdogo wangu,

Barua hii inakuja na dereva wa lori la dizeli, kwa hiyo ikinuka usinilaumu. Mimi mzima, ila vumbi limeniingia mpaka kwenye meno. Barabara tumeshaichonga zaidi ya nusu na greda yangu inanitii kuliko ulivyowahi kunitii wewe. Simu huku haishiki hata ukipanda juu ya paa la mashine, na nimepanda. Basi tuandikiane kama watu wa zamani.

Sasa kazi. Duka la vipuri litakuletea gerejini kisanduku chenye jina langu. Ndani mna springi nne na shokapu zake, zile za kurekebisha: ukizungusha pete, gari linashuka au linapanda kadiri unavyotaka. Nataka unifungie kwenye gari langu, kisha ulishushe sentimita nne, mbele na nyuma. Si tatu, si tano. Nimepiga hesabu hapa kambini mpaka mpishi akaniuliza kama nasomea mtihani.

Unajua nilivyolihangaikia gari lile. Nikalipata, nikaliendesha miezi miwili tu, nikaitwa huku. Jekundu, milango miwili, linanguruma mpaka Mama anafunga dirisha. Kasoro yake ni moja na Baba ndiye aliyeiona siku ya kwanza. Alilizunguka mikono nyuma kama anakagua gari la mwanafunzi wake wa udereva, akasema, "Zuri. Ila limesimama kama mtu aliyekunja suruali kuvuka dimbwi." Tangu siku hiyo sijalitazama bila kuiona hiyo suruali.

Na usidhani ni urembo tu. Mwisho wa Juni mkataba wangu unakwisha, na wiki hiyo hiyo kuna mashindano ya kuzunguka koni kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Nimeshajiandikisha. Gari likiwa juu vile linalalia upande kwenye kila kona na muda unapotea bure. Mwaka mzima nimekaa kwenye mashine inayopitwa na mbuzi. Nataka niende kasi walau mara moja, halafu nitatulia.

Mpe Baba shikamoo yangu, umwambie suruali inashushwa. Mama mwambie asimpe mtu chumba changu.

Dada yako

*

Gerejini,
20 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua nimeipata, na kweli inanuka. Sisi huku hatujambo. Gari nalipasha moto kila Jumamosi kama ulivyoniagiza, limelala chini ya turubai, hata paka hapandi.

Kuhusu hiyo kazi, Dada, nilikuwa nasema tusiwe na haraka. Tangu uondoke mtaa umebadilika. Wameongeza matuta mawili mbele ya shule, tena yale ya kujengwa na mtu mwenye hasira. Gari likishuka sentimita nne litakwangua tumbo kila siku. Halafu kuna geti letu. Unakumbuka ule mwinuko wa kuingilia? Bampa la mbele litagonga kabla tairi hazijafika. Halafu tairi zenyewe, ukikata kona kali zitasugua madigadi kwa ndani. Mimi ndiye fundi, na nikikwambia jambo kuhusu springi ni kwa sababu nimezishika tangu nimalize shule.

Kwa maoni yangu gari liko vizuri lilivyo. Watengenezaji wake si wajinga.

Baba mzima. Yupo. Anakusalimu.

Mdogo wako

*

Kambini,
6 Machi

Mdogo wangu,

Umenijibu kama wanafunzi wa Baba waliokuwa wakigonga nguzo, halafu wanamwambia Mwalimu nguzo ilikaa vibaya.

Twende moja moja. Matuta: mimi ndiye ninayejenga matuta, wewe unanieleza nini? Tuta unalipanda kwa mshazari, tairi moja kwanza, tumbo haligusi. Geti: weka mbao mbili nene chini ya mwinuko, bampa linapita salama. Kama mbao huna, nitamwandikia seremala wa jirani. Tairi kusugua madigadi: kunja ule ukingo wa ndani, kazi ya asubuhi moja, nimekuona ukiwafanyia watu kumi huku unapiga mluzi. Nimemaliza. Una lingine?

Nikwambie kinachonishangaza. Wewe umeshusha magari ya mtaa mzima. Umemshushia yule muuza simu mpaka akawa anashindwa kuingia kituo cha mafuta, na ulicheka ukavunjika mbavu. Likija gari la dada yako ndiyo unakuwa mzee wa busara?

Na hiyo "Baba yupo" ni salamu gani? Najua yupo, aende wapi? Mwambie aniandikie mwenyewe. Namtaka anipe maoni yake kuhusu kona ya tatu pale uwanjani, ile inayojikunja ghafla. Hajawahi kukosa maoni.

Dada yako

*

Gerejini,
18 Machi

Dada,

Shikamoo. Usikasirike. Kisanduku hakijafika, kwa hiyo hata ningetaka nisingeweza. Nimeuliza dukani, wanasema kimekwama njiani.

Baba ameambiwa. Siku hizi ana shughuli, na miwani yake ina tatizo, lakini ataandika. Kuhusu kona ya tatu amesema usiguse breki ukiwa ndani ya kona, uguse kabla. Nadhani hilo ulilijua.

Wakati tunasubiri nilitaka ufikirie jambo moja ambalo wewe, kwa kuwa ni dereva, hulioni. Umewahi kumfikiria abiria? Kiti cha gari lile tayari kiko chini. Kuingia mtu anajitupa tu, lakini kutoka ni kazi. Ukiondoa sentimita nne nyingine, mtu anatoka kama anainuka kwenye mkeka. Si kila mtu ana miguu kama yako. Gari si lako peke yako ukishampakia mtu.

Ni wazo tu. Mama anauliza kama unakula vizuri.

Mdogo wako

*

Kambini,
2 Aprili

Wewe,

Leo sikusalimu.

Abiria gani? Gari langu lina abiria tangu lini? Nilisoma mstari ule nikacheka, nikadhani umeishiwa na sababu. Halafu jana dereva wa lori la dizeli kaja, tukakaa tunakunywa chai, akaniambia hivi hivi bila kujua anachokisema: "Dada, gari lako nimeliona Jumamosi. Limeegeshwa pale kwenye uwanja wa chuo cha udereva. Kuna mtu kakaa kiti cha mbele, mlango wazi." Nikamwuliza kama ana uhakika. Akasema magari mekundu ya milango miwili mtaani kwetu ni mangapi?

Si hilo tu. Alikuwa anapita duka la vipuri kuchukua filta za kambi, nikawa nimemwomba aulize kisanduku changu. Kimechukuliwa tangu Februari. Umetia sahihi wewe, ile sahihi yako ya kujifanya daktari.

Kwa hiyo springi unazo, na umeniambia hazijafika. Gari umesema limelala chini ya turubai, kumbe unazunguka nalo kila Jumamosi umempakia mtu wako, na hutaki lishuke asije akapata taabu kutoka na viatu vyake virefu. Umenipiga danadana miezi miwili kwa ajili ya msichana. Ungeniambia tu, "Dada, nina mtu, naomba gari," ningekukatalia, lakini ningekuheshimu.

Nimeshamwandikia yule fundi wa kona, Kipara. Ndiyo, huyo huyo unayemwita mchomeleaji. Ufunguo wa akiba uko kwenye droo ya chumba changu na nimemwelekeza amwombe Mama. Atakuja kulichukua, alishushe, alihifadhi kwenye karakana yake mpaka nitakaporudi. Wewe usiliguse tena.

Imeniuma. Nakwambia wazi kwa sababu barua haionyeshi uso.

Dada yako

*

Nyumbani,
14 Aprili

Mwanangu,

Kipara amekuja jana na ufunguo sikumpa. Akasema ana barua yako, nikamwambia hata mimi najua kusoma. Akataka kulivuta gari kwa kamba. Nikaingia nikakaa ndani yake nikafunga mkanda. Tumekaa hivyo mpaka chai yangu ikapoa, akaondoka. Kwa hiyo gari lipo.

Sasa nisikilize. Mdogo wako ni mwongo, lakini ni mwongo kwa amri ya baba yako.

Baba yako alianguka mwezi Oktoba. Aliteleza kwenye ngazi ya nyuma, ile ya kuanikia nguo, akavunjika chini ya goti la kushoto. Wamemtia vyuma. Mfupa umeunga vizuri, daktari ameridhika, ila goti halikunji sana na paja limeisha nguvu. Anatembea na fimbo. Tulitaka kukuandikia siku ile ile. Akatukataza, akasema ukisikia utaacha kazi na kupanda lori la kwanza, na mkataba uvunjike kwa ajili ya mguu wa mtu ambaye bado ana mwingine. Unajua akishasema.

Mwezi wa kwanza alikwenda hospitali kwa teksi. Wakati wa kurudi goti lilimkazana, akashindwa kutoka. Dereva na mpita njia wakamshika, mmoja makwapa, mmoja miguu, wakamtoa kama gunia la unga mbele ya watu, na kati ya watu hao walikuwamo wawili aliowafundisha kuendesha. Walimwita "Mwalimu, pole Mwalimu." Baada ya hapo alikataa kutoka nyumbani. Hakutaka hata barazani. Alikaa chumbani amegeukia ukuta, mwanangu, na mimi nilikuwa naogopa.

Pikapu ya mdogo wako iko juu sana, hawezi kuipanda. Teksi hataki kuisikia. Ndipo mdogo wako akapata wazo la gari lako. Mle ndani mguu unanyooka mbele, haukunjwi. Anaingia kwa kujikalisha kisha anavuta miguu, na kutoka anashika ukingo wa paa kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono wa pili, anajisukuma mpaka anasimama. Anachukua muda wake, lakini hakuna anayemgusa. Siku ya kwanza alipotoka mwenyewe aliniita nije nione, akaingia tena akatoka tena.

Kwa hiyo kila Jumamosi wanakwenda uwanja wa chuo chake cha zamani. Anakaa pale mlango wazi anawakemea wanafunzi wa watu. Anarudi ana njaa, anakula, anasema. Huyo ndiye msichana wa viatu virefu.

Springi zilipofika, mdogo wako alikaa kwenye gari na kipimo, akaweka chini mlangoni ubao wa unene wa sentimita nne iwe kama kiti kimeshuka, akaona kwamba gari likishuka vile unavyotaka wewe baba yako hatoki. Tulijaribu kumwekea mto ili kiti kipande. Kichwa kikagonga paa, unajua urefu wake. Basi akawa hana la kukwambia isipokuwa matuta.

Gari ni lako, na kazi ya kulipata umeifanya wewe. Sikuambii ufanye nini. Lakini ukitaka kugomba, mgombeze mtu kwa kosa lake.

Kula.

Mama yako

*

Kambini,
25 Aprili

Mdogo wangu,

Mama ameniambia yote. Nimeisoma barua yake nikiwa juu ya greda, na msimamizi akaniuliza kwa nini nimesimamisha kazi. Nikamwambia vumbi.

Nisamehe kwa ule mdomo wangu. Na wewe ni fundi mzuri lakini ni mwongo hafifu. Umemweleza matatizo ya gari mtu anayekula na kulala na mashine, ulitegemea nini? Nilikuwa nayatatua moja baada ya lingine huku najisifu. Ungeniandikia "Baba ameanguka," maneno mawili tu, nisingekuwa na spana ya kuyafungulia.

Sasa sikia. Springi hizo ziuze, mpe hata yule muuza simu. Gari libaki lilivyo. Mashindano nitakwenda nalo hivyo hivyo, likilala kwenye kona na lilale. Wala usimwambie Baba kwamba najua. Akiuliza, sema nimebadili mawazo kwa sababu ya matuta. Kama yeye anaweza kuficha, na sisi tunaweza.

Nakuja Juni kama kawaida. Sitaacha kazi, nimempa ushindi huo bila yeye kujua.

Dada yako

*

Nyumbani,
5 Mei

Binti yangu,

Miwani yangu haina tatizo lolote, na haijawahi kuwa nalo.

Jumamosi iliyopita tuko uwanjani, akaja kijana mmoja muuza simu, akamwuliza mdogo wako mbele yangu, "Zile springi za dada yako nije kuzichukua lini?" Mdogo wako akakohoa. Nimewafundisha watu kuendesha maisha yangu yote. Mtu akikohoa kabla ya kujibu, ujue amepita taa nyekundu. Nilipofika nyumbani nikadai barua. Nimezisoma zako zote, na alichoandika yeye na alichoandika Mama yako wamenieleza kwa mdomo.

Sina raha nanyi, na nitasema kwa nini ili tusirudie.

Mimi ndiye niliyewaamuru wafiche. Hilo nimelibeba, nilifanya kwa ajili ya kazi yako na ningefanya tena. Lakini ninyi mmechukua ufichaji wangu mkautumia dhidi yangu. Mmekaa, wewe huko kwenye vumbi na yeye gerejini, mmepima miguu yangu, mkaamua haiwezi, mkalifunga shauri. Nani aliyeniuliza? Mtu mzima anatolewa kwenye gari kama mzigo mara moja, basi, kila mtu anajiona ana haki ya kumbeba. Hata barua zenu zilikuwa zinanibeba.

Kwanza, lile gari limesimama vibaya. Nililisema na sijalifuta. Gari la namna ile likiwa juu, uzito unahamia upande mmoja, na kona yako ya tatu itakutupa nje. Binti yangu haendi kushindwa mbele za watu kwa sababu ya goti ambalo si lake.

Nimeshatoa maelekezo na hayajadiliwi. Springi hazikuuzwa, yule kijana nimemwambia akanunue zake. Mdogo wako amezifunga jana, kwa urefu ule ule wa zamani. Kila Jumamosi atazungusha pete na kulishusha sentimita moja. Nitaingia, tutakwenda uwanjani, nitatoka. Yeye atasimama mbele ya gari, mikono mfukoni, mdomo umefungwa. Nikitoka, wiki inayofuata tunashuka tena. Siku nitakayoshindwa atalirudisha juu sentimita moja, na hapo ndipo gari litakapobaki. Hivyo ndivyo nilivyofundisha watu kuegesha. Unampa nafasi pana, kisha unasogeza nguzo kidogo kidogo, mpaka anaegesha mahali ambapo mwanzo angelia. Daktari nimemweleza, akasema mazoezi ya kujiinua ni mazuri kuliko kukaa kitandani.

Ukija utalikuta gari mahali nilipoliacha mimi. Likiwa limeshuka mbili, utashindana na mbili. Likiwa nne, nne. Usinipunguzie.

Breki kabla ya kona. Mdogo wako alikuambia vizuri.

Baba yako

*

Kambini,
15 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimesimama wakati naandika hii, kwa sababu barua yako haisomwi mtu amekaa.

Nimekubali. Sina la kujadili na najua nisingeruhusiwa. Lakini na mimi niseme langu, maana nyumba nzima imezoea kusema kwa kupitia vipuri.

Naogopa, Baba. Mashindano hayanipi hofu. Ninachoogopa ni ile Jumamosi ambayo hutatoka. Mama aliandika kwamba uligeukia ukuta. Nimekuwa nikiliona hilo neno kila ninapofumba macho. Wewe, ambaye ulikuwa unamwambia mwanafunzi aliyeangusha geti la jirani, "Haya, washa gari tena." Kama gari langu ndilo litakalokurudisha kwenye ule ukuta, nitalichukia. Nitaliuza siku hiyo hiyo na nitakwenda kushangilia wengine kwa miguu.

Kwa hiyo sikupunguzii. Nakuomba kitu kimoja tu. Ukishindwa, Jumamosi inayofuata uende uwanjani vile vile. Niandikie kwamba umeenda. Nalitaka hilo kuliko sentimita.

Huku tumefika kwenye mawe, tunakwenda taratibu.

Binti yako

*

Gerejini,
31 Mei

Dada,

Shikamoo. Baba amesema niandike mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama. Akasema pia nisitie chumvi na nisipunguze. Dereva wa lori ananisubiri hapo nje, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Jumamosi ya kwanza, sentimita moja, alitoka kana kwamba hakuna kilichobadilika, akanitazama kuona kama nimebadilisha kweli. Akataka kipimo, akapima mwenyewe. Ya pili alichukua muda zaidi, akagundua ateleze kwanza mpaka ukingo wa kiti kabla ya kujisukuma. Nyumbani alikuwa anajiinua kwenye kile kigoda cha Mama cha kufulia, anahesabu kwa sauti, Mama anamjibu kutoka jikoni kwamba amekosea hesabu. Ya tatu ilikuwa ngumu, Dada. Alijaribu, akarudi chini. Akajaribu tena, mkono ukaanza kuteleza kwenye paa, nikatoa mikono mfukoni. Akasema, "Mfukoni!" bila hata kunitazama. Nikairudisha. Akasimama. Shati lote lilikuwa limelowa na alicheka peke yake.

Nilimwomba tuishie hapo. Nikamwambia tatu zinatosha, wewe mwenyewe utasema zinatosha. Akauliza kama nimewahi kumwona akimpa mtu leseni kabla gari halijafika nyumbani. Sikuelewa, lakini nilizungusha pete.

Jana ndiyo ilikuwa ya nne. Mama alikuja pia, alikaa nyuma amejikunja na hakulalamika, ujue hali ilikuwaje. Tukafika uwanjani. Nikaenda mbele ya gari, mikono mfukoni. Akafungua mlango, akatoa mguu mzuri, akautoa na ule mwingine kwa mikono, akateleza mpaka ukingoni. Akajisukuma. Hakufika hata nusu. Akapumzika, akajisukuma tena. Mara ya tatu aliinuka kidogo, mkono wa paa ukaachia, akarudi kitini kwa kishindo nikaisikia springi. Gari la wanafunzi lilikuwa limezima katikati ya uwanja na hakuna aliyekuwa analiwasha, wote wanatazama.

Akakaa. Akafuta jasho la kiganja kwenye suruali. Mama alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa nawaza barua yako, ukuta na mambo yote, na nilishaanza kupanga maneno ya kusema kuhusu kulirudisha gari juu sentimita moja, niyaseme vipi yasimuumize.

Akaniita. Akasema, "Toa mikono mfukoni. Njoo upande huu."

Nikaenda.

Akasema, "Nipe mkono. Mmoja. Usinivute. Wewe shikilia tu, kazi nitafanya mimi."

Nikampa. Akaushika hapa, juu ya kifundo, akakaza. Uzito wake wote ulipita kwenye mkono wangu na haukuwa mwingi kama nilivyodhani. Sikuvuta, Dada, naapa. Nilisimama tu. Akaja juu polepole mpaka uso wake ukawa juu ya wangu kama zamani, akaniachia, akachukua fimbo.

Nikamwuliza, "Baba, nirudishe moja? Tuiache kwenye tatu?"

Akanishangaa. "Kwa nini? Si nimetoka?"

Halafu akaenda kumgombeza yule mwanafunzi aliyezima gari.

Kwa hiyo limeshuka sentimita nne, mbele na nyuma, kama ulivyoagiza. Ukingo wa madigadi nimeukunja na mbao za geti nimeziweka. Amesema siku ya mashindano atapanda nawe mpaka karibu na mstari wa kuanzia, na akishuka pale, wewe ndiye utakayempa mkono. Basi nikuelekeze mapema. Simama karibu na mlango, miguu umeitanua, mkono umeunyoosha. Ataushika kwa nguvu, utauma kidogo. Usivute.

Mdogo wako